Maswali Yenu: Asali, Maboga na Vibanda Msimu wa Majani Kupukutika

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Marekani na Kanada walioolewa, waliooa au wanaolea watoto katika familia za Kiyahudi. Wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: kuanzia Septemba sikukuu za Kiyahudi zinafuatana wiki hadi wiki, na wakati huohuo shule zinafunguliwa, matufaha yanachumwa, maboga yanawekwa barazani na Halloween, sherehe ya Oktoba 31 ya watoto kuvaa mavazi ya kujigeuza na kuomba pipi, inabisha hodi. Watoto wadogo wanataka vyote, na wazazi wanachoka.

Nimeolewa na Myahudi, tunaishi Minneapolis. Watoto wetu ni wa miaka minne na miezi tisa. Sikukuu zao zinahama kila mwaka. Mwaka 2025 mkubwa alikosa shule siku nyingi hadi mwalimu akaniita. Nizipangeje?

Dada, kalenda yao inafuata mwezi mwandamo kama kalenda ya Kiislamu: miezi ya siku 29 au 30, na mwaka wa kawaida una siku kama 354. Tofauti ni kwamba Ramadhani inazunguka majira yote, ila wao huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili sikukuu za mavuno zibaki kwenye mavuno. Ndiyo maana Mwaka Mpya wao, Rosh Hashana, hauvuki mbali: huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba.

Ukishajua tarehe ya Mwaka Mpya, zilizobaki unazihesabu kwa vidole. Mwaka Mpya ni tarehe 1 na 2 ya mwezi wa Tishri. Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, ni tarehe 10. Sikukuu ya Vibanda, Sukkot, ambayo familia hula ndani ya kibanda cha nje, inaanza tarehe 15 na kwenda siku saba, kisha zinafuata siku mbili za kufungia, ya mwisho ikiwa ni ile ya kucheza na vitabu vya Torati. Siku za kutofanya kazi nje ya Israeli ni saba: mbili za Mwaka Mpya, moja ya Upatanisho, mbili za mwanzo wa Vibanda na hizo mbili za kufungia. (Sinagogi nyingi za Mageuzi, tawi la Kiyahudi lenye masharti mepesi, hufupisha, kwa hiyo uliza sinagogi yenu.)

Mwaka 2025 siku zote saba ziliangukia Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Hapo ndipo mwalimu alipokuita. Mwaka 2026 mambo ni mepesi: Mwaka Mpya ni Jumamosi na Jumapili, Septemba 12 na 13, Vibanda vinaanza Jumamosi na Jumapili, 26 na 27, za kufungia ni Jumamosi na Jumapili, Oktoba 3 na 4. Siku ya shule inayopotea ni moja tu, Jumatatu Septemba 21, Siku ya Upatanisho. Mwandikie mwalimu mwezi Agosti, kabla hajapanga picha za darasa au safari siku hiyo.

Kosa linalowaponza wengi ni kusoma tarehe bila kukumbuka kwamba siku inaanza magharibi. Aliyekulia Pwani halimpi shida hili: usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa. Basi Septemba 12 inaanza Ijumaa tarehe 11 jua likizama, na mishumaa huwashwa kama dakika 18 kabla. Huko kwenu wakati huo jua linazama baada ya saa moja usiku, saa ambayo wa miezi tisa ameshalala. Usimsubirishe chakula. Walishe watoto saa kumi na moja, uwaogeshe, waje mezani kwa mishumaa, baraka na kipande cha tufaha, halafu kitandani. Mtoto aliyekaa dakika 20 akiwa ameshiba ataikumbuka sikukuu vizuri kuliko aliyelia saa mbili nzima.

Baragumu, ile pembe ya kondoo dume, kwa kawaida hupulizwa mara 100, na watoto huipenda kuliko kitu chochote cha sikukuu hii. Lakini sinagogi za Kiothodoksi, zinazoshika sheria kwa ukali, na nyingi za Kikonsavativu, zilizo katikati, hazipulizi siku ya Sabato. Mwaka 2026 wapeleke Jumapili tarehe 13, usiwaahidi Jumamosi. Wa miezi tisa mshike karibu na mlango, sauti ni kali na inashtua.

Matufaha yachumeni Jumapili ya Septemba 6. Jumapili ya 13 ni Mwaka Mpya wenyewe, ya 20 ni mkesha wa mfungo wa Siku ya Upatanisho, ya 27 ni Vibanda. Ukiikosa hiyo ya kwanza, zimebaki siku za katikati ya Vibanda, Jumatatu Septemba 28 hadi Ijumaa Oktoba 2, baada ya shule. Siku hizo kazi nyingi zinaruhusiwa, na ndizo siku ambazo familia nyingi hutembelea mashamba.

Nimekuja Chicago kutoka Tanga kumlea mjukuu wa miezi minane. Mkwe wangu anachovya tufaha kwenye asali kwa ajili ya Mwaka Mpya wao, lakini amekataa nisimwonjeshe mtoto. Sisi watoto wetu tunawaonjesha asali tangu siku za mwanzo. Nimekosea nini?

Shikamoo bibi. Mkwe wako amefanya sawa, na hajakataa mila yako. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda. Utumbo wa mtoto asiyetimiza miezi 12 haujakomaa, kwa hiyo mbegu hizo zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili za mwanzo ni kukosa choo, kunyonya kwa unyonge, kilio hafifu na kope kulegea. Ukiziona, ni hospitali mara moja. Haitokei mara nyingi, ndiyo maana watoto wengi walionjeshwa wakapona, ila ikitokea mtoto hulazwa kwa wiki kadhaa.

Kuichemsha asali hakusaidii, mbegu hizo zinastahimili moto wa jikoni. Kwa sababu hiyo hata keki ya asali asipewe mpaka atimize mwaka. Mpe tufaha lililopikwa kwa mvuke na kupondwa, juu yake tone la sharubati nzito ya tende. Wayahudi wenyewe huitumia sana, na tende ni mojawapo ya vyakula vya baraka vya usiku huo katika familia nyingi. Hata ukitaka kumwonjesha utamu wa kwanza kama kwenu, tende laini iliyopondwa, bila kokwa wala ganda, itafanya kazi hiyo bila hofu.

Wengine mezani nao waangalie. Tufaha bichi lililokatwa vipande linaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka minne, kwa hiyo likwanguliwe au likatwe nyembamba kama karatasi. Punje za komamanga kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili zipondwe kwanza. Zabibu zikatwe mara nne kwa urefu.

Keki ya asali unaweza kumwokea mkwe wako, ataifurahia. Inatosha vyombo viwili vya mkate: unga gramu 350, bekingi pauda vijiko vidogo 2, bekingi soda nusu kijiko kidogo, mdalasini vijiko vidogo 2, tangawizi ya unga kijiko kidogo 1, karafuu ya unga robo kijiko, chumvi kidogo. Pembeni piga mayai 3 na sukari gramu 150, tia mafuta ya kupikia mililita 180, asali gramu 340, na chai ya rangi kali iliyopoa mililita 200. Changanya na unga hadi usiuone mkavu, usipige zaidi. Oka nyuzi 165 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi 55. Asali hubabuka upesi, kwa hiyo dakika 30 zikipita funika juu kwa karatasi ya foili bila kubana. Ikizama katikati, ama oveni ilifunguliwa mapema ama soda ilizidi. Usitie maziwa wala siagi: nyumba inayoshika kosheri, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, haichanganyi nyama na maziwa, na keki hii inaliwa baada ya kuku. Ioke Alhamisi, kwani ikilala siku mbili inakuwa laini na viungo vinaingia. Mwaka 2026 Mwaka Mpya unaanzia Sabato, ambapo hakupikwi kabisa, basi kila kitu kiwe tayari Ijumaa kabla ya magharibi.

Niko Toronto, nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba na watoto watatu wa chini ya miaka saba. Familia ya mke wangu inataka mwaka huu tujenge kibanda sisi wenyewe. Watoto wanataka kukipamba kwa maboga na mahindi. Nianzie wapi, na nini huharibika?

Ndugu, anzia kwenye tarehe. Desturi ni kuanza kujenga mara Siku ya Upatanisho inapokwisha, na kutoka hapo hadi Vibanda una siku nne tu. Mbao na bolti ziwe nyumbani kabla ya Septemba 20, usije ukazurura madukani Ijumaa mchana.

Kibanda cha mita 2.4 kwa 2.4 kinatosha meza ndogo, watu sita na kiti cha mtoto. Utahitaji mbao 11 za inchi mbili kwa nne zenye urefu wa mita 2.4: nne uzikate mita 2.1 ziwe nguzo, nne ni boriti za juu, tatu ni za katikati ya kuta, upande wa nne ukiacha mlango. Funga kwa bolti za sentimita 10, mbili kila kiungo, jumla 28. Misumari ni rahisi siku ya kujenga, ila mwakani mbao zitakuwa zimepasuka. Boriti mbili zinapokutana kwenye nguzo moja, moja ipite juu ya nyingine, la sivyo bolti zitagongana ndani ya mbao. Kisha tia mihimili ya mshazari ya sentimita 60 kwenye pembe zote nne. Vibanda vingi vinavyolala chini usiku wa upepo havikukosa nguvu ya nguzo, vilikosa mishazari. Nguzo zifunge kwenye mifuko ya mchanga au kwenye uzio.

Kuta zinaweza kuwa za kitu chochote, lakini ziwe angalau mbili kamili na sehemu ya ya tatu, na zisipepee. Turubai linalopepea kama tanga la jahazi halihesabiwi kuwa ukuta. Dawa yake inajulikana: zungusha kamba za kulala, moja juu ya nyingine, nafasi kati yake isifike sentimita 24, kuanzia karibu na ardhi hadi kimo cha mita moja. Hapo kamba zenyewe ndizo ukuta, turubai linabaki kuzuia baridi. Kwa watoto wako kaza kamba vizuri, zisije zikawa kitanzi.

Paa ndilo lenye masharti. Kuta zitangulie, paa lifuate. Kiezekwe kwa kitu kilichoota ardhini, kilichokatwa, kisicho chakula na kisicho chombo. Msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka kwa mifano ya kwetu: kuti la mtende au mnazi linafaa, mkeka wa kulalia haufai kwa sababu ni kifaa cha nyumbani, mkeka wa mianzi uliotengenezwa makusudi kuwa paa unafaa. Lakini usiezeke kama nyumba ya makuti. Kivuli kiwe kingi kuliko jua, hilo ni lazima, ila mvua kubwa ipenye na usiku nyota zionekane. Lipime saa sita mchana: tazama sakafuni, sehemu yenye kivuli iwe kubwa kuliko yenye jua. Juu yake pawe mbingu tupu, si tawi la mti wala baraza la jirani.

Hapo ndipo mahindi ya watoto yanapoingia, na ni jambo la kupendeza kweli. Mabua makavu yanayouzwa mashambani Septemba kwa mapambo yanafaa kabisa kuezekea. Vua mahindi yote kwanza, kwani hindi ni chakula, na kazi hiyo wape watoto. Panga fito sita juu ya boriti, laza mabua kwa kukingama, kisha weka fito nyingine mbili juu yake zikandamize upepo usiyapeperushe. Epuka matawi ya miti ya majani mapana yaliyoanza kugeuka rangi: siku ya tatu yamekauka, majani yako ndani ya supu, na paa limebaki jua tupu. Misonobari inavumilia wiki nzima.

Mapambo yaning'inie karibu na paa, yasishuke zaidi ya sentimita 30 hivi. Waambie watoto mapema kwamba tunda lililotundikwa haliliwi mpaka sikukuu iishe, maana limetengwa kwa ajili ya kibanda. Wakigundua hilo katikati ya karamu, watalia. Yale mahindi mliyovua yafungwe kwa uzi, yatundikwe.

Maboga yawekwe mazima. Boga lililochongwa linaota ukungu ndani ya wiki kukiwa na joto, na Vibanda vinachukua zaidi ya wiki. Wape watoto rangi za maji wapake juu, boga zima linafika hadi Novemba. Lisikae juu ya majani yaliyolowa, liweke juu ya kipande cha ubao, kwa sababu boga huoza kuanzia kitako. Kindi wa Toronto watakuja, hilo halina shaka: usiku yaingize maboga ndani.

Adui mkubwa wa watoto kibandani ni nyigu. Mwisho wa Septemba wana njaa ya sukari, na meza yenu ni asali, juisi na matunda. Asali ipakueni ndani ya nyumba, ije mezani ikiwa tayari kwenye tufaha. Watoto wanywe vikombe vyenye kifuniko na mrija, kamwe wasinywe kopo lililoachwa wazi, kwani nyigu huingia humo na kumuuma mtoto mdomoni. Futa meza kila mlo unapoisha.

Taa ziwe za LED za nje, zenye kujiwasha na kujizima, mzipange kabla ya magharibi. Mishumaa iwake ndani ya nyumba, si chini ya mabua makavu. Na mvua ikinyesha kiasi cha kuharibu supu, ingieni ndani bila kujilaumu. Sheria yenyewe inamwondolea wajibu anayeteseka kwa mvua au baridi, na mtoto mdogo anayemhitaji mama bado halazimiki.

Mimi ni yaya New Jersey. Siku ya Upatanisho wazazi watafunga na kwenda sinagogi, nami nitabaki na watoto wa miaka mitatu na sita. Nifanye nini, niache nini?

Dada, mfungo ni wa saa kama 25, bila chakula wala maji, kuanzia Jumapili Septemba 20 magharibi hadi Jumatatu usiku. Watoto wako hawafungi. Wajibu unaanza miaka 12 kwa msichana na 13 kwa mvulana, na chini ya miaka tisa hawafungishwi hata saa chache. Wa miaka sita akitaka kujaribu kama baba, mpe kifungua kinywa chake. Anaweza kuacha peremende, hiyo inamtosha.

La muhimu ni mazungumzo ya Ijumaa au Jumapili asubuhi. Siku yenyewe nyumba inayoshika sheria haiwashi moto wala umeme, na mama hawezi tu kukuambia "washa ile". Mwombe akuonyeshe mapema: taa zipi zibaki zinawaka, chakula kipi kiko kwenye sahani ya umeme ya kukitunza kikiwa moto, mlango upi wa friji umezimwa taa, nani upige simu ikitokea dharura. Uliza kama unaweza kuwapashia watoto chakula. Usichukulie kwamba nyumba zote ni sawa. Kalamu za rangi na gundi ziweke kando, toa mafumbo ya mbao, vitabu na mpira. Waogeshe Jumapili jioni. Viatu wanavyokwenda navyo sinagogi visiwe vya ngozi, raba za kitambaa zinatosha. Jioni wasile utamu saa kumi na mbili, maana muda si mrefu baadaye wazazi wanafungua kwa mkate na samaki, nao watataka kula tena.

Na Halloween? Sisi tuko Ohio, wakwe hawaipendi, mtoto anaisubiri.

Familia za Kiyahudi zimegawanyika hapa. Nyingi haziiadhimishi kwa sababu asili yake ni ya dini nyingine, na nyingine huwaacha watoto wazunguke mitaani na majirani. Sisi tunaona la maana ni kutoichanganya na Vibanda: maboga ya mavuno ni ya mavuno, mifupa na mazimwi visiingie kibandani. Mwaka 2026 Oktoba 31 ni Jumamosi, kwa hiyo mnaoshika Sabato subirini nyota zitoke ndipo mtoto avae na kutoka. Pipi zitazame: jelatini ndiyo tatizo la kawaida, na alama ya herufi U ndani ya duara huonyesha kosheri, ikiwa na D pembeni ina maziwa. Mkikubaliana kutokwenda, lihifadhini vazi. Purimu, sikukuu yao ya kujigeuza sura, ni Machi 23, 2027.

Kwa mlioko Kanada, tieni alama Oktoba 11, 2027: Sikukuu yenu ya Shukrani itaangukia Siku ya Upatanisho yenyewe. Mleni bata mzinga Jumapili mchana, tarehe 10, bila chumvi nyingi, kwa sababu chumvi ndiyo inayomtesa mfungaji kwa kiu.

Etrogi tulilonunua ghali tufanye nini likishamaliza kazi? Watoto hawataki litupwe.

Kwanza kwa wasiolijua: etrogi ni tunda la jamii ya ndimu, ngozi nene yenye mabonde, linaloshikwa pamoja na kuti changa la mtende, vitawi vitatu vya mihadasi na viwili vya mierebi. Wakati wa sikukuu mpe mtoto baada ya wakubwa wote kumaliza, hasa siku za mwanzo, na mshikie kile kikonyo cha juu, kwani kikivunjika halifai tena. Mierebi ndiyo hufa kwanza: ifunge kwa gazeti lenye unyevu kidogo, ndani ya friji. Gazeti likilowa chapachapa, majani yanakuwa meusi.

Baadaye, chukueni karafuu, hata konzi mbili tatu. Mkubwa atoboe ngozi kwa kijiti cha meno, mtoto achomeke karafuu kichwa kikibaki nje, zikaribiane mpaka ngozi isionekane. Nafasi zikiachwa, au mkilifungia kwenye plastiki, litaota ukungu. Liacheni wazi kwenye sahani mahali pakavu, mligeuze kila siku. Ndani ya wiki kadhaa linasinyaa na kuwa gumu, na mnaweza kulinusa Jumamosi usiku kwenye baraka ya manukato, Sabato inapoagwa.